Mbwa asiyeshikika ndiye anayekwamisha chanjo

Kila Septemba 28 dunia huadhimisha Siku ya Kichaa cha Mbwa. Kwetu vijijini habari hiyo hufika kwa njia ya tangazo la mtendaji: wenye mbwa wawapeleke uwanja wa shule, kuanzia saa mbili asubuhi, wakachanjwe. Watoto huja wakivutana na mbwa wao kwa kamba, foleni inapangwa, sindano zinachomwa. Jioni afisa mifugo anafunga sanduku lake la barafu na kuondoka. Swali la kujiuliza ni hili: mbwa wangapi wamebaki nyumbani, na kwa nini?

Sababu ziko nyingi. Kuna aliyekuwa shambani, aliyechelewa kupata tangazo, na anayekaa mbali na uwanja. Lakini kuna sababu moja ambayo hatuizungumzii vya kutosha, nayo ni kwamba mbwa hashikiki. Mwenyewe anamlisha kila siku, lakini akimsogelea na kamba mbwa anakimbia au anageuka kuuma. Huyo anaachwa, na mara nyingi ndiye mbwa mkali kuliko wote pale mtaani.

Kwa nini mbwa saba kati ya kumi

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO), Shirika la Chakula na Kilimo (FAO), Shirika la Afya ya Wanyama Duniani na wadau wengine walizindua mpango wenye lengo moja: ifikapo 2030 asife tena binadamu kwa kichaa kinachoenezwa na mbwa. Inakadiriwa ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huupata kwa mbwa. Kwa hesabu za WHO, kati ya kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15.

Njia inayokubalika ya kuukata ugonjwa huu ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo, na kurudia. Mbwa saba kati ya kumi wakiwa na kinga, kirusi kinakosa pa kwenda. Kurudia ni lazima kwa sababu mbwa wa vijijini huishi miaka michache. Hawa wanakufa, wengine wanazaliwa bila kinga.

Mfano uko hapa hapa Tanzania, kisiwani Pemba. Chanjo za mbwa ziliukata ugonjwa, lakini mwaka 2016 ukaingia tena na kusambaa. Chanjo zikarejeshwa kisiwa kizima, na kufikia mwisho wa 2018 ukawa umedhibitiwa. Kuwaua mbwa ovyo, jambo ambalo vijiji vingi hulikimbilia mtu akishang'atwa, hakuleti matokeo hayo. Waliochanjwa nao huuawa, kisha watu wanaleta watoto wa mbwa wapya wasio na kinga, na kazi inaanza upya.

Kwa hiyo ukiwa na mbwa asiyeshikika, shida si yako peke yako. Kijiji chenye mbwa 100 kikiwa na 40 wasioshikika, hata wengine wote wakichanjwa utapata 60 tu.

Kiboko kinamfundisha nini mbwa

Mbwa wengi wetu hawajawahi kushikwa na mtu kwa wema. Kamba wanaijua siku ya kupigwa au siku ya kuhamishwa. Mkono wa binadamu wanaujua ukiwa na fimbo au jiwe. Mbwa hujifunza kwa kuunganisha mambo yanayofuatana papo hapo. Mkono ukija na maumivu, siku nyingine atauogopa mkono, na mbwa mwenye hofu ambaye hana pa kukimbilia huuma.

Chukua mfano wa mayai. Mbwa ameyala asubuhi, wewe umegundua mchana, unamwita na kumchapa. Hawezi kuunganisha kipigo na mayai ya asubuhi. Alichojifunza ni kwamba akiitwa na kufika anapigwa, hivyo kesho ukimwita haji. Dawa ya mayai ni kuyaokota mapema, kuziba mlango wa banda, na kumlisha mbwa ashibe.

Kuunguruma nako tunakuelewa vibaya. Mbwa anayeunguruma anasema, "Usinisogelee." Ukimpiga kila anapounguruma ataacha kutoa onyo, lakini hofu itabaki ndani. Siku moja atauma bila kutoa sauti, na aliye karibu huenda akawa mtoto.

Kumzoesha kamba

Anza angalau mwezi mmoja kabla ya chanjo. Kinachohitajika ni kamba laini na chakula chake cha kila siku, iwe ni makombo ya ugali au vichwa vya dagaa.

Siku za kwanza, weka kamba chini karibu na chakula, ale tu. Akishaizoea, mguse shingoni na kamba wakati anakula, kisha uiondoe. Baadaye mfunge kwa fundo lisilokaza, dakika mbili au tatu, ukimpa tonge dogo dogo. Akitulia, tonge lije hapo hapo. Likichelewa, hajui amepewa kwa lipi.

Kamba ikishakubalika, mzoeshe kuguswa mabegani, mgongoni na miguuni, kwa sababu mtaalamu atamgusa huko. Kisha mwombe mtu mwingine wa nyumbani afanye hivyo hivyo, halafu jirani. Akishtuka, rudi hatua moja nyuma bila kufoka. Kazi hii ni ya mtu mzima; mtoto asiachiwe mbwa anayejulikana kuwa anauma.

Kwa mtoto wa mbwa kazi ni rahisi zaidi. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ya maisha yake ndipo anapojifunza nani si adui. Akiguswa kwa upole na watu tofauti, akaona baiskeli, pikipiki na ng'ombe bila kutishwa, akikua hatakusumbua. Siku ya chanjo naye mpeleke. Usiamue mwenyewe kuwa bado ni mdogo, mwachie mtaalamu.

Anayekimbiza bodaboda naye ana sababu. Kila akibweka, pikipiki inaondoka, basi anaamini ameshinda. Mfunge saa ambazo barabara ina watu wengi. Mfundishe kwa pikipiki iliyosimama, ukimpa chakula anapotulia, na baadaye kwa inayopita taratibu.

"Akizoea watu, atanilindia nini?"

Hoja hii tunaisikia sana, na ina msingi. Wizi wa mifugo upo, na fisi wapo. Lakini ulinzi wa mbwa uko kwenye kubweka, na mbwa aliyezoeshwa bado humbwekea mgeni anayeingia usiku. Tofauti ni kwamba wewe ukitoka na kumwita, anakusikia. Yule anayemng'ata kila mtu atamng'ata pia mtoto wa jirani anayekuja kuomba chumvi. Hapo familia mbili zinaingia gharama ya nauli na sindano zaidi ya moja kwa siku tofauti, na ujirani unaingia ufa.

Kumfunga mnyororo mfupi mchana kutwa ili awe mkali nako kuna hasara. Kunamwongezea hofu na hasira, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama.

Pale mafunzo yasipofaa

Mbwa aliyekuwa mpole akibadilika ghafla, akauma vitu ovyo, akatokwa na mate mengi, akashindwa kumeza, sauti ikabadilika au akapooza, usijaribu kumfundisha wala kumshika. Waondoe watu na umwarifu afisa mifugo au mtendaji mara moja.

Mtu aking'atwa au kukwaruzwa na mbwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Msisubiri kuona kama mbwa atakufa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Upande wa viongozi, tangazo la chanjo linalotolewa jana yake halimpi mtu nafasi ya kumwandaa mbwa. Likitolewa mwezi mmoja kabla, pamoja na maelezo ya kuzoesha kamba, watakaofika uwanjani wataongezeka. Kwa wale watakaoshindikana, serikali ya kijiji iandike majina ya kaya ili wataalamu wapite nyumba kwa nyumba.

Na wewe msikilizaji mwenye mbwa asiyeshikika, usisubiri tangazo. Jioni ya leo unapompelekea chakula, iweke ile kamba pembeni ya bakuli lake.