Baiolojia si Kimbilio la Wanaoogopa Hisabati

Yako mazoea yaliyoota mizizi katika shule zetu: mwanafunzi akishindwa hisabati huambiwa asihuzunike, baiolojia ipo. Mimi mwenyewe nimepata kumshauri mwanafunzi hivyo, na leo najuta. Nafasi za utafiti baada ya shahada ya uzamivu katika nadharia ya ekolojia ya vijidudu humtaka mtu awezaye kuandika mlinganyo na kuutafsiri. Mlango huo haufungwi chuo kikuu. Twaufunga sisi, kidato cha pili.

Tutazame taaluma hii ilivyokua. Mwaka 1934 Mrusi G. F. Gause alieleza alivyofuga aina mbili za paramesiamu katika chombo kimoja; moja ikastawi, ya pili ikatoweka. Mwaka 1961 G. E. Hutchinson akauliza: ikiwa ni hivyo, mbona maji ya ziwa yamejaa aina nyingi za mimea midogo mno, nazo zagombania virutubishi vichache vile vile? Mwaka 1972 Robert May, aliyesomea fizikia, akaonyesha kwa hesabu kwamba wingi wa aina na wa mahusiano yao, yakipangwa kibahati tu, huweza kuivuruga jamii badala ya kuiimarisha. Fumbo hilo lingali linachunguzwa.

Je, mwalimu asiye na hadubini afanyeje? Achukue punje 10 za mahindi meupe na 10 za mahindi ya njano. Kila duru, kila punje nyeupe iongezewe mbili, na kila ya njano iongezewe moja. Jumla ikizidi 60, wanafunzi wazichanganye, wachote 60 bila kutazama, nyingine waziweke kando. Duru ya kwanza huleta 30 kwa 20. Ya pili, 90 kwa 40 kabla ya kuchota. Ifikapo duru ya kumi, ya njano hubaki moja hivi, au haipo kabisa.

Hapo ndipo mwalimu aulize swali la Hutchinson: mbona bwawani aina nyingi huishi pamoja? Mmoja atasema labda hali ya maji hubadilika; mwingine, labda yuko adui awashambuliaye walio wengi. Wote wawili watakuwa wamegusa mambo ambayo watafiti huyapigia hesabu hadi leo.

Vyuo vya ualimu, basi, havina budi kuwakutanisha wakufunzi wa masomo haya mawili. Gharama yake ni kibaba cha mahindi. Mwanafunzi yule niliyempotosha alistahili somo kama hilo.