Sherehe za baridi ughaibuni: nauli irudi na faida

Kila mwaka unapokaribia ukingoni, mawakala wa safari hubandika picha za theluji kwenye madirisha yao na wafanyabiashara wadogo huanza kuulizana bei ya tikiti. Wapo wanaosafiri kwa mapumziko tu, na hao hawana deni na mtu. Wengine wengi huunganisha mambo mawili katika safari moja: kuona sherehe na kurudi na mzigo. Kundi hili ndilo linaloumia, kwa kuwa sherehe ina kalenda yake na mzigo una kalenda yake.

Chukulia mfanyabiashara wa nguo wa Kariakoo au Eastleigh mwenye dola 6,000 mkononi. Nauli, viza, chumba, chakula na teksi vikimla dola 1,500, zinabaki 4,500 za kununulia. Maana yake ni kwamba kila dola ya bidhaa imeshabebeshwa senti 33 kabla hata ya gharama za usafirishaji. Akifika nyumbani anakutana na ushuru wa pamoja wa forodha wa Afrika Mashariki, ambao tangu Julai 2022 una kiwango cha juu cha asilimia 35 kwa bidhaa kadhaa, nguo zikiwemo. Mzigo wa namna hiyo hauwezi kushindana na wa jirani yake aliyeagiza kontena akiwa amekaa dukani. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ni sherehe ipi inapendeza, mfanyabiashara huyo hana budi kuuliza ni ipi inayoweza kurudisha zile 1,500.

Jibu ambalo wengi wanalo tayari ni Dubai. Dubai Shopping Festival ilianza mwaka 1996 na hufanyika katika miezi ya baridi ya Ghuba, siku hizi kuanzia Desemba hadi Januari. Baridi yenyewe ni ya kuchekesha. Mtu wa Njombe atavua koti. Kuna fataki, bahati nasibu za magari na dhahabu, na punguzo la bei linalotangazwa kila kona. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawahitaji kuelekezwa njia, maana Deira kuna maduka ambayo Kiswahili kinatosha kumaliza biashara.

Tatizo ni kwamba punguzo hilo ni la rejareja. Shati lililokuwa dirhamu 100 likauzwa 60 ni neema kwa anayekwenda kulivaa. Anayekwenda kuliuza anatafuta bei ya jumla, na bei ya jumla haitegemei fataki. Hupatikana kwa wingi wa bidhaa na kwa kujuana, iwe Januari au Machi. Kinachobadilika wakati wa tamasha ni bei ya chumba, nayo hupanda. Ubadilishaji wa fedha nao hauna cha kubahatisha, kwani dirhamu imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha 3.6725 tangu 1997. Ipo kodi ya VAT ya asilimia 5 iliyoanza mwaka 2018, ambayo mgeni anaweza kurudishiwa sehemu yake kubwa anapoondoka, ilimradi alinunua katika duka lililosajiliwa kwenye mpango huo na alidai karatasi zake akiwa bado dukani. Ni wachache wenye subira ya kufuatilia, na fedha hiyo huachwa huko huko.

Dubai inastahili nauli, lakini wiki chache baada ya tamasha kumalizika. Anayekwenda katikati ya shamrashamra aende kwa nia ya kutazama madirisha ya maduka na kujua mitindo inakoelekea, naye aiandike gharama hiyo kama ya kujifunza, asiipachike juu ya mzigo.

Hasara kubwa zaidi inapatikana China, na hapa ndipo vijitabu vya safari vinapopotosha kwa ukimya. Vijitabu hivyo huusifu mji wa Harbin, kaskazini-mashariki ya mbali ya nchi hiyo, na sifa hizo ni za kweli. Kipimajoto huko hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, na usiku hata 30. Maonyesho ya taa za barafu yalianza mwaka 1963 katika bustani ya Zhaolin, yakakatizwa na Mapinduzi ya Utamaduni, kisha tamasha rasmi likazinduliwa tarehe 5 Januari 1985. Barafu hukatwa kutoka mto Songhua kwa vitalu kama matofali ya jengo, ikajengwa minara, ngazi na majumba mazima, taa zikawekwa ndani. Uwanja mkubwa wa Ice and Snow World uliongezwa mwaka 1999. Ikifika mwishoni mwa Februari au Machi kila kitu kimeyeyuka, na mwaka unaofuata kazi huanza upya.

Kilichotokea huko katika msimu wa 2023 hadi 2024 kinafaa kusomwa na kila mwenye hoteli au mgahawa. Siku ya ufunguzi, tarehe 18 Desemba 2023, watu walipanga foleni kwa saa nyingi, wakakasirika, wakapiga kelele wakidai fedha zao. Uongozi wa uwanja uliomba radhi na kurudisha viingilio. Habari zile zilisambaa nchi nzima, na badala ya kuua msimu zikawaleta watu. Wenye migahawa nao wakazidisha ukarimu. Peasi zilizoganda, tunda la kawaida kabisa ambalo wenyeji hulifyonza hivi hivi, zilianza kukatwa vipande na kupangwa kwenye sahani kwa ajili ya wageni kutoka kusini. Katika siku tatu za sikukuu ya Mwaka Mpya 2024, mji ulitangaza kupokea wageni milioni 3.04 na mapato ya yuani bilioni 5.9. Ukigawanya, kila mgeni aliacha karibu yuani 1,900. Kati ya hao, walionunua bidhaa kwa jumla ya kwenda kuuza ni wa kutafuta kwa tochi.

Sasa tatizo linaanza pale mfanyabiashara anapopanga kuona barafu ya Harbin kisha kuteremka Guangzhou kununua. Mbali na umbali, ambao ni zaidi ya kilomita 2,500, kuna sikukuu nyingine ya baridi katikati ya njia: Mwaka Mpya wa Kichina, unaoangukia kati ya tarehe 21 Januari na mwisho wa wiki ya tatu ya Februari. Likizo ya serikali ilikuwa siku nane mwaka 2025, lakini kiwanda hakifuati siku za likizo. Wafanyakazi hutoka mikoa ya mbali. Huondoka mapema, na wengine hawarudi katika kiwanda kile kile. Wachina wenyewe huhesabu siku 40 za msongamano wa safari hizo.

Anayefika wakati huo hukuta milango ya chuma imeshushwa na anamaliza mtaji wake kwa kulipia chumba. Aliyeweka oda siku za mwisho kabla ya sikukuu hana nafuu. Kazi hukimbizwa, mishono hulegea, na kila kiwanda hutaka kusafirisha kwa wakati mmoja, hivyo nafasi melini huwa ya kugombania. Aliyelipa malipo ya awali akachelewa kidogo, fedha zake hulala hadi mafundi watakaporudi. Kwa anayetaka kununua, Maonyesho ya Canton yamekuwepo Guangzhou tangu 1957, na hufanyika Aprili hadi Mei na Oktoba hadi Novemba. Hayana theluji wala fataki, na viwanda viko wazi.

Huenda mtu akauliza kama basi kuna haja gani ya kuzifikiria sherehe hizi. Haja ipo, hasa kwa yule mwekezaji mdogo ambaye fedha zake ziko kwenye vyumba vya wageni, mabasi madogo, au jiko la chakula. Huyo anaweza kujifunza jambo ambalo darasa la uchumi halimpi kirahisi, nalo ni jinsi mji unavyouza ubaya wa hali yake ya hewa.

Quebec nchini Kanada ndiyo yenye hadithi iliyo wazi kuliko zote. Kanivali yake kubwa ya kwanza ya baridi ilikuwa mwaka 1894, kisha ikafanyika kwa kukatikakatika na hatimaye ikafifia. Mwaka 1954 kikundi cha wafanyabiashara wa mji kiliamua kuifufua, na tangu 1955 imekuwa ya kila mwaka. Sababu yao haikufichwa: walitaka fedha iingie katika mji mkongwe wakati wa baridi. Walimbuni mtu wa theluji mwenye kofia nyekundu, Bonhomme, na kwa miaka mingi mgeni amekuwa akinunua sanamu yake ndogo ya plastiki na kuivaa kama kiingilio. Mto St. Lawrence unaojaa mapande ya barafu, ambao watu wa visiwani walikuwa wakiuvuka kwa mitumbwi kwa shida ya maisha, uligeuzwa uwanja wa mashindano ya mitumbwi hiyo hiyo.

Sapporo, nchini Japani, ilianza kwa udogo zaidi. Mwaka 1950 wanafunzi wa sekondari walitengeneza sanamu sita za theluji katika bustani ya Odori. Mwaka 1955 jeshi la kujihami likaingia na kujenga sanamu kubwa, na Michezo ya Olimpiki ya baridi ya 1972 ikaitangaza shughuli hiyo duniani. Kabla ya janga la korona lililoifuta mwaka 2021 na 2022, wageni walikuwa wakifikia kiasi cha milioni mbili. Theluji ya bustanini haitoshi. Malori huleta nyingine kutoka nje ya mji. Malighafi ni ya bure, gharama ni usafiri na mikono, na anayevuna ni mwenye kitanda na mwenye supu ya moto. (Wanaoichanganya Rio katika orodha ya sherehe za baridi watazame ramani. Kanivali ya kule ni ya jua kali.)

Bado kuna mfanyabiashara ambaye hanunui wala hajengi, yeye anauza: mwenye vinyago, vikapu, shanga, viungo. Huyu ndiye anayepaswa kuzitazama Ulaya na masoko yake ya Krismasi. Lile la Strasbourg limekuwepo tangu 1570; la Nuremberg lina ushahidi wa maandishi wa mwaka 1628. La Nuremberg hufunguliwa Ijumaa ya kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio na kufungwa tarehe 24 Desemba, vibanda vikiwa vya mbao vyenye paa za kitambaa chekundu na cheupe. Ni biashara ya wiki nne, lakini kibanda chake huombwa miezi mingi kabla na kanuni zake ni kali. Mtu hashuki uwanja wa ndege na begi la vinyago akatandaza. Ada ya viza ya Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi hata ukinyimwa. Kwenda kubahatisha ni kutupa fedha. Njia yenye kulipa ni kumpata muagizaji mwenye duka au kibanda tayari, kumpelekea sampuli mapema mwakani, na mzigo uwe umeshatoka nyumbani kabla ya Septemba. Safari yenyewe ifanywe mara moja, kwa macho, ili kuona mnunuzi wa kule anashika nini na anarudisha nini mezani.

Atakayekwenda asiache kutazama vikombe. Divai ya moto, na ile ya watoto isiyo na kileo, huuzwa katika kikombe chenye picha ya soko, na kila mnywaji huweka amana. Akikirudisha anapewa fedha yake. Wengi hawakirudishi, hukipeleka nyumbani kama kumbukumbu, na muuzaji ameuza vitu viwili kwa foleni moja. Ndani ya kikombe hicho mna karafuu na mdalasini. Mkulima wa Pemba anaijua karafuu kwa kilo. Kule huuzwa kwa punje chache ndani ya kinywaji, kwa bei ambayo hajawahi kuiota.

Kwa wale wa vyumba na majiko, ulinganisho uko karibu na nyumbani. Mwezi wa Aprili na Mei hoteli nyingi za Unguja, Diani na Malindi hupunguza bei kwa kiasi kikubwa au hufunga kabisa kwa sababu ya masika. Walinzi hulipwa, mikopo ya benki huendelea kuhesabiwa, na mvua hunyesha juu ya mapaa yasiyo na mgeni. Mvua hizo hazijaanza jana, na tarehe zake zinajulikana kuliko za theluji ya Quebec. Wenye hoteli ndogo za pwani wanaweza kukutana mwezi wa Novemba, kabla ya shughuli za Krismasi, na kuweka mezani angalau bajeti ya wiki moja ya masika.

Anayeagiza bidhaa China naye aziandike tarehe hizi kwenye kalenda ya dukani: Mwaka Mpya wa Kichina ni tarehe 17 Februari kwa mwaka 2026, na tarehe 6 Februari kwa mwaka 2027. Oda iwe imekamilika na mzigo umeshapakiwa si chini ya wiki nne kabla yake.