Bei ya Kungoja: Ununuzi Ucheleweshwao katika Michezo ya Bure

Subira huvuta heri. Ngojangoja huumiza matumbo. Tangu hapo methali hizi mbili hutolewa madarasani kuwa mfano wa methali zinazokinzana. Yamkini waundaji wa michezo ya simu isiyolipiwa ndio waliogundua namna ya kuzipatanisha: mwenye subira huachwa acheze bure, na aumwaye na tumbo huuziwa dawa.

Chukua mfano wa Clash of Clans, mchezo uliotolewa mwaka wa 2012 na kampuni ya Supercell ya Ufini. Mchezaji hujenga kijiji chake bila kutoa hata ndururu. Mwanzoni mnara hukamilika kwa dakika chache. Kadiri kijiji kinavyokua, jengo moja huhitaji siku kadhaa. Asiyetaka kungoja hununua vito kwa pesa halisi, akavitumia, na ujenzi ukakamilika papo hapo. Candy Crush Saga, wa mwaka uo huo, humpa mchezaji maisha matano. Yakiisha, hurejea moja moja kila baada ya nusu saa. Hapa pia mwenye haraka hulipa. Bidhaa yenyewe basi si vito wala maisha. Kinachouzwa ni wakati.

Hapo ndipo ubaya wa ununuzi ucheleweshwao unapodhihirika. Mchezaji hulipa, arafa ikathibitisha kuwa fedha zimetoka, ilhali hazina yake mchezoni haijaongezeka hata kito kimoja. Hufunga mchezo na kuufungua tena. Huzima simu na kuiwasha. Huwaandikia wahudumu, akajibiwa na mtambo kwamba asubiri (asubiri tena!). Vito vifikapo kesho yake, mnara umekwisha kukamilika wenyewe, au vita vya ukoo vimemalizika na wenzake wameshindwa. Muuzaji atadai kuwa mzigo umefika. Hoja hiyo ni dhaifu. Auzaye gunia la mahindi akachelewa siku moja, bado ameleta mahindi. Auzaye siku moja, kisha akaichelewesha siku moja, hakuleta kitu.

Si kila uchelewaji ni hila, hilo likubalike. Malipo hupitia benki au mtandao wa simu, kisha duka la programu, kisha seva ya mchezo, na kila hatua sharti ihakikiwe ili risiti bandia zisipite. Duka la Google humtaka mwenye programu athibitishe ununuzi katika muda wa siku tatu, la sivyo mteja hurudishiwa fedha zake. Kanuni hiyo ni afadhali kuliko kutokuwa na kanuni, ingawa siku tatu ni dahari kwa mtu aliyenunua saa sita.

Wataalamu wa lugha nao wana la kusema mintarafu ya kitenzi "nunua". Masharti ya michezo hii aghalabu huandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, na humo mteja huambiwa kuwa hakununua chochote. Amepewa ruhusa ya kutumia, nayo yaweza kufutwa. FarmVille ya kwanza, iliyoanza kwenye Facebook mwaka wa 2009, ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2020, mifugo na mashamba yaliyolipiwa yalitoweka nayo. Jimbo la California lilitunga sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayomzuia muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno hilo bila kumweleza mteja waziwazi kuwa apewacho ni leseni.

Nchini Kenya, Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata maelezo yatakayomwezesha kunufaika kikamilifu na bidhaa na huduma, na haki ya kufidiwa hasara itokanayo na kasoro zake. Maelezo yasiyoeleweka si maelezo. Muuzaji na arudishe fedha bila kuombwa pindi saa alizoziuza zikipita, na masharti yake yasomeke kwa Kiswahili. Kazi hiyo ya pili haihitaji kungoja bunge: idara za Kiswahili vyuoni zina wanafunzi wa tafsiri wanaotafuta matini ya mradi kila muhula.