Msitu ukishaungua, nani anaondoa kuni?

Unakumbuka Februari 2022, moto ulipowaka Aberdare? Picha zilijaa kwa simu zetu: mlima unafuka moshi, watu wanapiga moto kwa matawi mabichi. Ukazimwa, tukaandika pole zetu mtandaoni, tukarudi kwa mambo yetu. Na kila msitu ukiungua hapa Kenya, stori inayofuata ni ile ile: miche. Mheshimiwa anashika koleo, kamera zinawaka, kila mtu anaenda nyumbani.

Mimi naona kuna hatua tunaruka. Kabla ya miche, kuna kuni.

Wacha nikueleze. Moto haumalizi mti. Unachoma majani na matawi madogo, lakini shina linabaki limesimama, limekufa. Miaka michache baadaye mashina yanaanza kuanguka, nyasi na vichaka vinamea katikati, na kiangazi kikifika kila kitu kimekauka. Hicho ni chakula cha moto wa pili. Na ile miche iliyopigwa picha ndiyo itatangulia kuungua.

Sasa utasema, si waite tu mashine zikate zote? Pole pole, msee. Mwaka 2002 moto unaoitwa Biscuit uliunguza karibu ekari laki tano, nyingi zikiwa Oregon, Marekani. Serikali ikaruhusu miti iliyokufa ivunwe kwa mashine. Halafu mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, Daniel Donato, akaenda na wenzake kuhesabu. Mwaka 2006 walichapisha walichokiona kwenye jarida la Science: palipovunwa, miche iliyokuwa imeota yenyewe ilipungua kwa asilimia 71, na kuni zilizolala chini ziliongezeka. Kwa nini? Wavunaji walibeba magogo yenye pesa, wakaacha matawi. Kumbe moto unaanzia kwa hayo matawi.

Kwa hivyo swali si mashine au hakuna mashine. Swali ni inaenda wapi na inabeba nini.

Kwenye mashamba ya misonobari na saipresi karibu na vijiji na barabara, iende. Lakini mkataba useme wazi: ukichukua gogo, unachukua na matawi, au unayasaga hapo hapo. Kwenye miteremko mikali na kando ya mito, isikanyage. Gari zito linashindilia udongo, mvua inaubeba, na ule udongo unajua unaenda wapi? Bwawa la Ndakaini, linalokunywesha sehemu kubwa ya Nairobi, linajazwa na mito ya Aberdare. Wewe wa Umoja na Kasarani, hii ni stori yako pia. Na kule juu kabisa penye nyasi na vichaka, mashine haina kazi.

Kuna wanaoogopa kwamba "kusafisha" litakuwa jina jipya la kuiba mbao. Wako sawa. Marufuku ya kukata miti iliwekwa 2018 kwa sababu ya uharibifu, na ilipoondolewa 2023 watu walikimbia kortini. Ukimuuzia mfanyabiashara mbao za bei ya chini kila msitu ukiungua, umempa sababu ya kupenda moto. Ndiyo maana hesabu ya miti iliyoungua iwekwe wazi kabla msumeno haujawashwa.

Halafu kuna kazi. Sheria ya misitu ya 2016 inatambua vyama vya jamii vinavyotunza misitu. Vijana wa huko wapewe misumeno, mafunzo na mshahara, wakusanye matawi pale mashine haifiki. Matawi hayo yanaweza kuwa kuni au makaa ya kubana badala ya kuoza yakingoja kiberiti.

Tumeahidiwa miti bilioni 15 kufikia 2032. Poa. Lakini siku ukialikwa kupanda miti mahali palipoungua, uliza kwanza: zile kuni za moto wa jana ziko wapi? Ukiona bado zimelala hapo, usishike koleo. Dai zitolewe kwanza.