Siku Tatu Hemani Lushoto



Shule zikifungwa mwezi Juni watoto huanza kuuliza, "Mama, mwaka huu tunakwenda wapi?" Hoteli kwa familia ya watu sita ni mzigo. Lakini hema la kuazima na siku tatu milimani Lushoto, familia nyingi zinaweza.

Basi huiacha barabara kuu pale Mombo na kupanda kona kwa kona kupitia Soni, kama kilomita 33. Mtoto anayetapika safarini apewe chakula chepesi tu asubuhi hiyo, na kopo lenye kifuniko liwe karibu.

Kabla ya kufunga mizigo, kaa na baba watoto mgawane kazi. Nasema hivi kwa sababu mama wengi huhamisha jiko la nyumbani na kulipeleka porini. Wengine wanakwenda kutembea, yeye anabaki kulinda sufuria, na anarudi nyumbani amechoka kuliko alivyoondoka. Hayo si mapumziko. Baba anaweza kupika ugali, na kijana wa miaka 12 anaweza kuchota maji na kuosha vyombo. Wasipopika vizuri kama wewe, kula na unyamaze.

Juni Lushoto kuna baridi kweli. Hemani baridi kali hutoka chini, ardhini, kwa hiyo tandika mikeka na blanketi za kutosha chini ya watoto kabla ya kuwafunika. Na hili nawasihi sana: jiko la mkaa lisiingizwe hemani hata kidogo, hata kama makaa yanaonekana kufifia. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke tena. Jiko libaki nje, mbali na mlango. Anayesikia baridi avae soksi na sweta, alale katikati ya wenzake.

Kutoka mjini hadi ukingo wa Irente ni kama kilomita 5 kwa miguu, njia ikipita kati ya mashamba na nyumba za Wasambaa. Ukifika, nchi inakatika ghafla. Chini kabisa unaona Mazinde na mashamba ya mkonge, kisha nyika tupu hadi macho yachoke. Ni genge refu, hivyo kila mtoto mdogo ashikwe mkono na mtu mzima mmoja aliyetajwa kwa jina. "Tutawaangalia wote" maana yake hakuna anayeangalia. Jirani kuna shamba la Kanisa la Kilutheri, ambako jibini na jemu hutengenezwa.

Siku ya pili nendeni msitu wa Magamba, pamoja na mtu wa kuwaongoza. Kiingilio hulipwa, basi ulizeni bei mapema. Watoto wakinyamaza kidogo (kazi ngumu hiyo) huenda wakawaona mbega wakiruka juu ya miti. Na yale maua madogo ya zambarau ambayo Wazungu hupanda vyunguni madirishani, asili yake ni milima hii hii. Ulaya walianza kuyajua miaka ya 1890.

Asubuhi ya kuondoka piteni sokoni kwa karoti, kabichi na viazi. Kikapu kitupu cha kubebea kitoke nacho nyumbani, na safari hii akibebe baba.