Kamba Zinazoshikilia Kizazi

Kizazi hakikai tumboni bure. Kinashikwa na kano, kama kamba. Mbili za nyuma zinafunga shingo ya kizazi kwenye mfupa wa chini ya mgongo. Mbili zinaishika pembeni, kushoto na kuume. Mbili za mbele zinashuka mpaka kinenani. Hizo ndizo mara nyingi zinachoma mjamzito akisimama ghafula. Chini yake kuna misuli inayosaidia kubeba.

Kuzaa mara nyingi, uchungu mrefu na mizigo mizito vinaweza kuzilegeza, kizazi kikashuka. Si laana, si uzinzi. Dada akisikia uzito unashuka ukeni, tumsindikize kwenye kituo cha afya. Na aliyejifungua juzi, tumchotee maji, tumbebee kuni.