Tutie Mkono Ndani ya Rundo Kabla ya Kununua Nyumba

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Imekuwa ada siku hizi kwa familia nyingi za pwani kuwa na kijana anayefanya kazi Nairobi, naye akiisha kupata akiba hutafuta kiwanja au nyumba Ruiru au Thika. Sababu haijifichi. Tangu barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012, miji hiyo imesogea karibu na jiji, na mashamba ya kahawa yaliyoizunguka Ruiru yamekatwa vipande na kugeuka mitaa ya makazi. Wazazi walioko huku Mombasa, Malindi na Lamu huombwa mchango na dua. Tunawanasihi waongeze la tatu, nalo ni kuuliza.

Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono wake ndani ya rundo la nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu. Juu palikuwa pakavu, chini palikuwa pamelowa. Muuzaji akasema ni mvua iliyoinyea. Mtume akamkemea kwa kutoiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, na akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo katika sisi. Wanavyuoni wetu wametoa humo hukumu kwamba muuzaji anawajibika kuidhihirisha aibu ya bidhaa, na mnunuzi aliyefichwa aibu hiyo ana hiari ya kuirudisha.

Ikiwa pishi ya nafaka ilitiwa mkono, je, nyumba itakayowalea wana wetu? Aghalabu mnunuzi hupelekwa na dalali siku ya jua, asubuhi, akaonyeshwa mawe ya mipaka, kisha akakimbilia kwa wakili kuhakikisha hatimiliki. Hilo ni wajibu, wala hatulidharau. Lakini hatimiliki humweleza mnunuzi mwenye ardhi ni nani na kama imewekwa rehani. Haimwelezi upepo wa usiku unaleta moshi gani, wala maji ya kisima yana nini ndani yake.

Tuanze na maji. Mitaa mingi mipya hutegemea visima virefu vya mashine, na visima vya kandokando ya Nairobi na vya Bonde la Ufa vinajulikana kwa kuwa na madini ya floridi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi hapo kwa muda mrefu, meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya hudhurungi, na yakizidi sana hudhuru mifupa. Mama na azingatie kuwa kuyachemsha maji hakuondoi floridi, bali maji yapunguapo kwa mvuke, floridi iliyobaki huwa nzito zaidi. Dawa ni kuyapima maji katika maabara kabla ya kulipa, na gharama ya kupima ni ndogo mno mbele ya bei ya kiwanja.

Kisha udongo. Kahawa ya zamani ilinyunyiziwa sana dawa za shaba ili kuikinga na kutu ya majani na chulebuni. Mbegu iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985 na watafiti wa kahawa wa papo hapo Ruiru, ilikusudiwa hasa kuwapunguzia wakulima unyunyizaji huo. Kwa hiyo anayenunua kipande cha shamba la kahawa na aulize: ghala la dawa lilikuwa wapi? Dawa zilichanganyiwa wapi? Asiwe yeye aliyepewa mahali hapo pa kulima mchicha wa wanawe.

Thika nayo ni mji wa viwanda tangu zamani, vikiwemo vya nguo, vya ngozi na vya vyakula. Viwanda ni riziki ya watu, na mwenye kufuata sheria hana lawama. Hata hivyo, kuiishi nyumba iliyo upande unakoelekea moshi, au kando ya mfereji wa maji machafu, ni jambo la kujua mapema. Liko pia jaa kubwa la taka la Kang'oki, na huko Juja, kati ya miji hii miwili, yako matimbo ya mawe yenye vumbi na mitikisiko. Wako na wanaouziwa ukingo wa mto, ambao kanuni za maji za Kenya huulinda kwa upana wa kati ya mita 6 na 30. Mafuriko ya mwaka 2024 yalionyesha kwa nini.

Asiyeona uzito wa haya na aukumbuke mtaa wa Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza mwaka 2007 kando ya makazi ya watu wapatao 3,000, na risasi ikaingia katika hewa, udongo na damu za watoto. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, hukumu ikapinduliwa katika rufaa, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Wale hawakukifuata kiwanda, kiwanda kiliwafuata. Lakini tuhesabu: miaka 17. Mtoto aliyezaliwa kilipoanza alikaribia utu uzima haki ilipothibitishwa, na wataalamu wanasema hakuna kiwango cha risasi kisichodhuru akili ya mtoto. Fidia haimrudishii mtu utoto wake.

Basi tufanyeje? Kwanza, mama wa nyumba asiachwe nyuma. Yeye na watoto ndio watakaoshinda hapo mchana kutwa, na pua yake hutambua ambalo baba anayerudi usiku hatalitambua. Shura ni mwenendo wa Kiislamu, na hapa ndipo mahali pake. Pili, mahali paendewe zaidi ya mara moja: usiku, siku ya kazi, na baada ya mvua kubwa. Tatu, waulizwe wasiopata faida kwa kuuza, kama vile mama muuza mboga, mwalimu, na muuguzi wa zahanati ya karibu. Yeye hujua watoto wa mtaa huo huletwa na kifua au na tumbo. Nne, iulizwe ofisi ya mipango ya kaunti ardhi ya jirani imetengewa nini, na iulizwe NEMA kama kuna mradi ulioombewa kibali karibu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama.

Na wewe ndugu unayeuza, umehama kwa sababu ya kikohozi cha mwanao, usimtie mwenzako katika shimo ulilotoka. Mwambie, ijapokuwa bei itashuka. Kilichopungua katika bei kitakuwa baraka katika kilichobaki.

Tusisahau kwamba Mto Thika humiminika katika Tana, na Mto Ruiru huishia katika Athi, ambao sisi tunauita Sabaki. Yatupwayo huko juu hayako mbali nasi tulioko Malindi na Kipini.

Mwenyezi Mungu atujaalie maskani yenye wasaa, majirani wema na watoto wenye afya. Wabillahi tawfiq.